Kwa basi kufuata maji: siku 7 kutoka Dar es Salaam hadi Malindi

Kabla ya kukata tiketi

Wengi hupanga safari ya pwani kwa kutazama ratiba ya mabasi, halafu wakifika wanakuta bahari imekwenda zake: mashua zimelala ubavu kwenye tope na mawimbi yanasikika kwa mbali tu. Basi la saa tano ukilikosa utapanda la saa saba. Maji yakikupita umekosa siku nzima. Ndiyo maana safari hii imeanzia kwenye mwezi, mabasi yakafuata.

Pwani yote hii, kuanzia Bagamoyo hadi Malindi, maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kitu cha kushika ni hiki: siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, na hujaa karibu na saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata, nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 40 hadi 50. Baada ya wiki moja, ukifika wakati wa maji mafu, mambo yamegeuka. Saa nne asubuhi maji yamejaa, alasiri yamekupwa, na hata yakipwa hayaendi mbali.

Ratiba hii inataka siku ya 3 iangukie mwezi 16 au 17 wa mwandamo, kwa sababu siku hiyo ndiyo ya kisiwa cha Maziwe, na Maziwe hakiendeki kwa saa yoyote tu. Basi siku ya 1 iwe mwezi 14 au 15. Mwanzoni mwa mwezi mwandamo nako panafaa, ila usiku utakuwa wa giza. Anza na kalenda ya Kiislamu, kisha thibitisha saa kwenye jedwali la maji la bandari, na ukifika muulize nahodha. Mwezi wa Ramadhani safari inawezekana, lakini migahawa mingi ya miji hii hufungwa mchana, kwa hiyo chakula cha njiani ukinunue mapema na ukile kwa staha.

Kuhusu msimu, epuka masika, kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei: barabara za vumbi hugeuka utelezi na bahari huchafuka. Januari na Februari, kaskazi ikivuma, bahari ya upande wa Tanga huwa tulivu zaidi na maji hung'aa. Julai hadi Septemba kuna ubaridi mzuri wa kusafiri kwa basi, ila kusi huamka mapema, na mashua ndogo hupata taabu kuanzia saa sita mchana.

Nyaraka ziwe tayari kabla ya siku ya 5. Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari. Kitambulisho cha taifa peke yake hakikuvushi mpaka wa Horohoro kuingia Kenya. Beba kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, maana huulizwa mpakani. Kitambulisho cha taifa nacho kiwe mfukoni, kwa kuwa viingilio vya makumbusho na hifadhi pande zote mbili vina bei tofauti kwa raia, kwa watu wa Afrika Mashariki na kwa wageni, na asiye na ushahidi hulipishwa bei ya juu.

Mzigo uwe mmoja, unaoweza kuubeba mgongoni huku mikono yako ikiwa mitupu. Utaupandisha kwenye daladala, matatu, mashua na vivuko, na kote huko begi la magurudumu ni adhabu. Nguo zitie kwenye mfuko usiopitisha maji ndani ya begi, kwa sababu buti za mabasi huingiza vumbi kiangazi na maji wakati wa mvua. Mifuko ya plastiki ya kubebea iache nyumbani. Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019, na mpakani hutolewa mabegini.

Siku ya 1: Dar es Salaam – Bagamoyo, kama kilomita 70

Kwa Bagamoyo huna haja ya kwenda stendi kuu ya Magufuli kule Mbezi. Magari huondoka Makumbusho, hupita Tegeta, Bunju na Mapinga. Hayana ratiba, hujaza kisha huondoka. Ukiondoka kabla ya saa moja asubuhi unakwenda kinyume na foleni ya wanaoingia mjini, na saa mbili unusu au saa tatu umefika. Ukichelewa hadi saa kumi jioni, Tegeta peke yake inaweza kula saa nzima.

Kwa kuwa ni bamvua, utakuta maji yanapwa. Usikimbilie ufukweni. Tumia asubuhi kwa Kaole, kilomita kama 5 kusini mwa mji, kwa bajaji. Patana nauli ya kwenda, kusubiri na kurudi, maana huko nyuma hakuna bajaji za kuokota. Usitembee kwa miguu kupitia ufukweni ukiwa peke yako: njia ni ndefu, ina upweke, na wasafiri wameporwa humo. Kaole kuna mabaki ya misikiti na makaburi ya nguzo, na msikiti wa zamani zaidi hukadiriwa kuwa wa karne ya 13. Tazama upande wa bahari uone mikoko. Tope lililokusanyika na mikoko iliyoota juu yake viliifunga bandari ya Kaole, na biashara ikahamia Bagamoyo. Ukisimama hapo maji yakiwa yamekupwa unaiona sababu kwa macho, bila kuhitaji maelezo marefu.

Mchana ingia Misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868. Mnara wa kanisa la kwanza ndiko mwili wa David Livingstone ulikolazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka Chitambo, iliyoko Zambia ya leo. Makumbusho ya misheni ni madogo lakini yamepangwa vizuri, na yanafaa kutangulia kuliko kutembelea Mji Mkongwe kwanza, kwa sababu ramani na picha zake zinakufanya uelewe unachokiona baadaye: Boma la Wajerumani la mwaka 1897, kituo cha misafara, na forodha ya zamani pale pwani. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Kijerumani hadi 1891, serikali ilipohamia Dar es Salaam.

Saa kumi maji yamejaa. Sasa ndiyo saa ya kwenda soko la samaki kando ya forodha: mashua zinaelea, samaki wananadiwa, wakaangaji wamewasha majiko. Ukitaka kununua, simama kwanza usikilize minada miwili mitatu ujue bei inapoishia, ndipo ufungue mdomo.

Siku ya 2: Bagamoyo – Msata – Segera – Tanga – Pangani

Hii ndiyo siku ndefu. Barabara ya pwani inayopita Makurunge na Saadani hadi Pangani ni fupi kwenye ramani, na imekuwa ikijengwa kwa vipande. Bila gari lako mwenyewe usiitegemee, labda wenyeji wakuhakikishie kwamba basi linapita siku hiyo. Njia ya uhakika ni kuzunguka.

Panda gari la Msata alfajiri; ni kilomita 64 za lami. Msata ndiko barabara ya kutoka Chalinze inakokutana na hii, kwa hiyo mabasi yote ya Dar kwenda Tanga lazima yapite hapo, yawe yametokea Bagamoyo au Chalinze. Yaliyoondoka Dar saa kumi na mbili asubuhi hufika Msata kuanzia saa mbili unusu hivi. Tatizo ni siti. Ijumaa, Jumamosi na siku za kufungua au kufunga shule mabasi hupita yamejaa, na utingo atakuahidi siti itakayopatikana "hapo mbele" ambayo haipatikani hadi Segera. Kinga ni kukata tiketi ya mtandao siku moja kabla, kwa siti ya kutoka Dar, na kuandika Msata kama kituo cha kupandia. Piga simu ofisi ya basi asubuhi hiyo uwakumbushe, la sivyo wataiuza siti kwa kudhani hukutokea. Kiasi unachopoteza kwa kulipa nauli kamili ni kidogo ukilinganisha na saa tatu za kusimama.

Chagua siti ya kushoto. Unaelekea kaskazini, jua la asubuhi liko kulia. Zaidi ya hapo, baada ya Segera basi linapopinda kulia kwenda Muheza, milima ya Usambara Mashariki inakaa kushoto kwako. Epuka siti zilizo juu ya tairi za nyuma, ambako kila tuta unalihisi kiunoni, na mstari wa mwisho kabisa. Mwendo wa mabasi haupiti kilomita 80 kwa saa, na ni 50 kwenye makazi, mabasi yakifuatiliwa kwa vifaa vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Kwa hiyo anayekuahidi kufika mapema kupita kiasi anakudanganya.

Basi husimama kwa chakula dakika 15 hadi 20. Nenda chooni kwanza, chakula baadaye, kwa sababu foleni ya choo ndiyo inayowafanya watu waachwe. Kusimama porini kwa kuchimba dawa kunaendelea, lakini kwa kina mama na watoto ni shida na si salama. Vituo vikubwa vina vyoo vya kulipia, basi weka sarafu na karatasi karibu. Muheza machungwa huuzwa dirishani. Lipia baada ya kuyashika mkononi, na uwe na chenji kamili.

Tanga mabasi huishia stendi ya Kange, nje kidogo ya katikati ya jiji. Ukifika saa nane au tisa bado unaweza kuunganisha kwenda Pangani, kama kilomita 50 kusini. Ukifika baada ya saa kumi, lala Tanga na uahirishe Maziwe kwa siku moja. Maji yatakuwa yamesogea kwa dakika 45 hivi tu, safari bado inawezekana. Kuna njia ya mkato kutoka Muheza hadi Pangani, lakini magari ni machache, na mvua ikinyesha njia haipitiki kirahisi.

Ukifika Pangani usilale kabla ya kuonana na nahodha. Mpatane jioni hiyohiyo: saa ya kuondoka, idadi ya watu, vifaa vya kuogelea, na kama kiingilio cha hifadhi kimo ndani ya bei au la. Omba kuliona jaketi la kuokolea la kila mmoja wenu kwa macho. Jibu la "yapo" halitoshi.

Siku ya 3: Maziwe asubuhi, Tongoni jioni, kulala Tanga

Maziwe ni fungu la mchanga mweupe lililozungukwa na matumbawe, hifadhi ya bahari tangu 1975. Zamani kisiwa kilikuwa na mivinje. Mmomonyoko umeiondoa yote, na leo hakuna hata kichaka kimoja. Maji ya bamvua yakijaa, kisiwa chote huzama. Ndiyo sababu ya kuhesabu mwezi. Mwezi 16 au 17 maji hupwa kabisa kati ya saa nne unusu na saa tano unusu. Ondoka Pangani kwenye saa mbili unusu, mshuke kwenye saa tatu unusu maji yakiwa bado yanapwa, muwe na saa tatu za mchanga na matumbawe, na saa saba mashua iwe imegeuza kurudi.

Kuna makosa mawili yanayorudiwa hapa. La kwanza ni kuchelewa kuondoka. Bamvua ikipwa, mdomo wa mto Pangani hubaki na mafungu ya mchanga, na mashua nzito huweza kukwama. Nahodha mzuri anajua mkondo ulipo, lakini naye anataka maji ya kutosha wakati wa kutoka. La pili, kubwa zaidi, ni kuchelewa kurudi. Kufikia adhuhuri upepo umeshaamka, maji yanajaa, mawimbi yanakutana na maji ya mto yanayotoka, na hapo mdomoni pana msukosuko ambao huwapata watu wakiwa wamechoka na wameloa. Nahodha akisema twende, ondokeni.

Kivuli ni kile mnachobeba. Kwa mtu mmoja weka lita 3 za maji ya kunywa, kofia yenye ukingo mpana, shati la mikono mirefu la kuogelea nalo, na turubai dogo lenye nguzo kwa kundi zima. Viatu vya mpira vyenye soli ngumu ni lazima: kwenye miamba kuna wale viumbe weusi wenye miiba mirefu, ambayo hukatikia ndani ya ngozi. Aliyechomwa aloweke mguu kwenye maji ya moto anayoyastahimili, atoe vipande vinavyoonekana kwa kibano, na asibinye vilivyozama. Matumbawe usiyakanyage. Ogelea juu yake ukitumia miwani, na ukitaka kusimama tafuta mchanga. Takataka zote zirudi na mashua, maganda ya matunda yakiwemo.

Ukirudi Pangani tembea mjini kwa saa moja. Mto huu unapata maji yake Kilimanjaro na Meru, na hapa ndipo unapomalizikia. Kivuko kinakwenda Bweni ng'ambo. Usiogelee mtoni, kuna mamba. Mji wenyewe una majumba ya mawe yenye milango ya nakshi, mengi yakiwa yamechakaa kwa namna inayouma kuitazama. Hapa ndipo upinzani dhidi ya Wajerumani ulipoanzia mwaka 1888, na hapa ndipo kiongozi wake, Bushiri bin Salim, aliponyongwa tarehe 15 Desemba 1889.

Gari la kurudi Tanga lipande kabla ya saa tisa unusu, umwambie kondakta akushushe Tongoni, kilomita kama 17 kabla ya jiji. Kutoka barabarani ni mwendo mfupi wa miguu hadi kwenye mabaki ya msikiti na kundi kubwa la makaburi ya nguzo. Mengine yameanguka, mengine yamebaki na matundu ya duara ambamo zamani vilipachikwa vyombo vya kauri kutoka mbali. Kwenye mafungu ya bahari ya jirani, Januari 1499, Vasco da Gama aliichoma moto meli yake São Rafael kwa kuwa hakuwa na mabaharia wa kutosha kuiendesha, wengi wakiwa wamekufa kwa maradhi. Alikuwa akitokea Malindi, unakokwenda wewe. Usikae hapo hadi giza, maana magari ya jioni hupita yamejaa.

Siku ya 4: Tanga

Siku nyepesi, na miguu inaihitaji. Mapango ya Amboni yako kilomita kama 8 kaskazini mwa jiji, kwenye barabara ya kwenda Horohoro, ukiingia ndani kidogo. Nenda asubuhi kabla ya makundi ya wanafunzi. Ni mapango ya mawe ya chokaa yaliyochongwa na maji. Yapo 10, na moja ndilo hutembelewa. Ndani kuna mahali pa kuinama na pa kupenya kwa ubavu, basi mwenye maumivu ya goti au hofu ya mahali pafinyu aseme mapema ili apelekwe njia fupi. Vaa viatu vinavyoshika, beba tochi yako hata kama kiongozi anayo, na acha begi nje. Utasikia kwamba mapango haya yanafika Mombasa au Kilimanjaro. Yamepimwa, na refu zaidi halifiki kilomita moja. Hadithi ni tamu, isikilize, ila usiipe uzito.

Mchana pita kwenye makumbusho ya Urithi ndani ya boma la zamani la Wajerumani, ambako picha za reli na mkonge zinaeleza jinsi jiji lilivyopangwa. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianzia hapa mwaka 1893, na mwaka huohuo mkonge ulianza kupandwa mkoani. Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililoletwa kutoka India lilijaribu kuiteka Tanga kutokea baharini, likashindwa na kurudi melini. Raskazone ndiko kwa kuogelea, na leo maji yanajaa karibu na saa kumi na mbili jioni. Kufika saa kumi ni mapema mno.

Badilisha sehemu ya fedha zako leo, benki au duka halali la fedha, kiasi cha kukutosha siku ya kwanza upande wa Kenya.

Siku ya 5: Tanga – Horohoro – Lungalunga – Mombasa

Mabasi ya Dar–Mombasa hupita Tanga katikati ya mchana. Ya asubuhi huanzia Tanga kwenyewe. Chukua la asubuhi. Horohoro ni kilomita kama 65, lami nzuri, na kutoka Lungalunga hadi Mombasa ni kama kilomita 100.

Mpaka huu ni wa kituo kimoja: unayekwenda Kenya unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo la upande wa Kenya, madirisha yakifuatana. Kosa la kawaida ni mtu kumaliza dirisha la kwanza, akadhani ameshamaliza, akarudi kwenye basi. Hakikisha pasipoti ina mihuri miwili yenye tarehe ya leo. Mizigo yote hushushwa kwa ukaguzi. Simama kando ya begi lako, usimwachie mtu anayejitolea kulibeba. Kariri namba ya usajili wa basi, kwa kuwa mabasi mawili ya kampuni moja yanaweza kuwa pale kwa wakati mmoja na rangi ni zilezile. Wabadilishaji fedha wa mkononi watakuzunguka. Kama ni lazima, badilisha kidogo tu, hesabu noti zao kabla ya kutoa zako, na usikubali hesabu irudiwe mikononi mwao.

Baada ya Lungalunga kuna vizuizi vya polisi, basi pasipoti isirudi kwenye buti. Basi linapita Msambweni na Ukunda. Ukienda hadi Likoni, abiria hushuka na kuvuka kwa feri kwa miguu, bila nauli, gari likivuka kivyake. Msongamano wa jioni ni mkubwa: begi liwe kifuani, simu isiwe mkononi, na watoto washikwe. Mkubaliane na makanga mtakutana na basi wapi ng'ambo ya pili. Mabasi mengine hukwepa feri kwa kuzunguka barabara ya Dongo Kundu, basi uliza kabla, ili ujue utashushwa upande gani wa mji.

Siku ya 6: Mombasa

Fort Jesus asubuhi, mara inapofunguliwa, kabla mawe hayajashika joto. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, na tangu 2011 ni urithi wa dunia. Kaa angalau saa mbili. Mazingirwa ya Waomani yaliyoanza Machi 1696 yalidumu hadi Desemba 1698, na ndani ya makumbusho kuna vitu vilivyoopolewa kutoka meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 ikijaribu kuwaokoa waliozingirwa. Tafuta pia michoro ya meli na samaki iliyochorwa ukutani na mabaharia wa Kireno; wengi huipita.

Malipo ya viingilio vya serikali Kenya hupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, kwa simu au kadi, kwa hiyo noti pekee hazitoshi. Asiye na laini ya Kenya aandae kadi ya benki iliyofunguliwa kwa matumizi ya nje.

Kutoka ngomeni ingia Mji wa Kale kwa miguu. Ijumaa adhuhuri maduka hufungwa kwa swala. Vaa nguo za kufunika mabega na magoti, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu au ya ndani ya ua. Mchana pumzika, jioni Mama Ngina kwa madafu, viazi karai na upepo. Maji leo yanajaa baada ya magharibi, na ukiwa ukingoni pale utaziona meli zikiingia Kilindini karibu kabisa.

Siku ya 7: Kilifi – Gede – Malindi, kama kilomita 120

Magari ya Malindi hutafutwa upande wa Mwembe Tayari. Matatu ni ya haraka lakini buti ni ndogo; mwenye begi kubwa apande basi. Leo keti kulia. Jua litakupiga, lakini daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991, linapita juu sana ya hori, na bahari inaonekana upande huo kwa sekunde chache tu.

Shuka njiapanda ya Gede. Mabaki yako karibu, kwenye barabara ya Watamu. Mji huu wa karne ya 12 hadi ya 17 umo ndani ya msitu, na uliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2024. Chukua kiongozi akuonyeshe kaburi lenye mwaka 802 Hijria, sawa na 1399, na visima vilivyochimbwa tena kwenda chini zaidi, dalili kwamba maji ya ardhini yalikuwa yakishuka. Kima wa hapo wamezoea watu na hupora chakula, basi mfuko wa matunda ufungwe.

Kuoga baharini kufanye Watamu, si Malindi. Mvua ikiwa imenyesha bara, mto Sabaki humwaga tope kaskazini mwa Malindi, na kaskazi hulisukuma hadi mbele ya mji, maji yakawa ya kahawia. Watamu iko kusini zaidi na mara nyingi husalia safi. Maji yanapwa alasiri, ila kwa kuwa tunakaribia maji mafu hayaendi mbali, na saa saba mchana bado unaogelea.

Fika Malindi kwa tuktuk au matatu saa kumi, uende moja kwa moja kwenye nguzo ya Vasco da Gama, ya mawe ya matumbawe, yenye msalaba wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno. Da Gama alifika hapa Aprili 1498 na kupokewa vizuri, tofauti na Mombasa. Lakini Malindi ilikuwa na safari zake kabla yake: mwaka 1415 wajumbe wa mji huu walifika China wakiwa na twiga kama zawadi.

Kurudi, usijaribu Malindi hadi Dar kwa siku moja. Lala Mombasa usiku wa 8, kisha upande basi la asubuhi. Tegemea saa 10 hadi 12 pamoja na mpaka. Safari hii mihuri yote miwili utagongewa upande wa Horohoro, na shilingi za Kenya zilizobaki zitumie kabla ya Lungalunga.